Kamba Iliyosimamisha Hotuba

Nchi ninayotaka kuwasimulia ina jina zuri sana, lakini nimeapa kutolitaja, na kiapo chenyewe nilikitia saini katika nakala tano. Itoshe kusema kwamba ina milima, ina bendera, na ina wizara thelathini na nane. Mojawapo ni Wizara ya Wepesi wa Kazi, ambamo mimi ni karani wa mihtasari. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa vikaoni na kupokea simu. Vikao ni vingi, na simu nazijibu kwa neno moja: "Imepokelewa." Wapo wanaonionea wivu.

Huo wepesi tuliupata angani. Zamani programu za kompyuta za serikali yetu zilitengenezwa kwa miaka saba, na zikikamilika, shida iliyofanya zitengenezwe inakuwa imeshastaafu. Ndipo Mheshimiwa Waziri, Daktari Shekivuli, akiwa safarini, aliposoma kwenye jarida la ndege habari za watu wanaotengeneza programu kwa wepesi. Wanafanya kazi katika vikundi vidogo, kwa mbio fupi za wiki mbili mbili, na kila asubuhi wana kikao cha dakika kumi na tano ambacho watu hukifanya wamesimama, ili asitokee wa kunogewa na maneno yake mwenyewe. Ndege ilipotua, makala ilikuwa imeshakuwa sera ya taifa.

Siku ya kwanza ya kikao cha kusimama tulikwama kwenye itifaki. Waziri hawezi kusimamishwa. Akaletewa kiti, kile cha ngozi nyekundu chenye nembo ya taifa mgongoni. Lakini Waziri hawezi pia kukaa peke yake kama mtu anayenyolewa, kwa hiyo Katibu Mkuu naye akaletewa kiti, na makamishna, na wakurugenzi. Kufikia wiki ya pili kikao cha kusimama kilikuwa na viti arobaini na kimoja, na waliosimama tulikuwa wanne: mimi, kwa kuwa cheo changu hakina kiti, na waandishi wote watatu wa programu. Tulianza saa mbili asubuhi na kumaliza saa saba mchana. Mbio fupi nazo zilirefushwa kutoka wiki mbili hadi miezi tisa, kwa sababu daktari wa Waziri hamruhusu kukimbia.

Kiongozi wa waandishi wa programu aliitwa Asumpta Ndimbo. Ni mwanamke mfupi, wa miaka thelathini na kitu, asiyependa maneno mengi, na kikaoni alikuwa akiandika programu kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya wino ili wazo lisimpotee kabla ya saa saba. Yeye na wenzake wawili, Hamduni na Lwitiko, ndio waliotengeneza Mfumo wa Taifa wa Chanjo. Ulikuwa mfumo mzuri, nasema bila kutia chumvi. Friji ya zahanati ikizimika, nesi anatuma ujumbe kwa simu, mfumo unaita gari la baridi kutoka wilayani, gari linafika kuchukua chanjo kabla hazijaharibika. Basi.

Ila makamishna walipoipitia fomu ya nesi waliiona fupi mno kwa hadhi ya serikali. Wakaagiza paongezwe mahali pa lazima pa kujaza jina la mtaa na namba ya nyumba.

Sasa, kuna kijiji kinaitwa Ukomo. Ni mahali ambapo lami hukoma kwanza, kisha changarawe, kisha ahadi. Mtaa hakuna. Kuna njia ya watu na njia ya ng'ombe, na mara nyingi ni hiyohiyo moja. Nesi wa zahanati ya pale, Mwamvua, kila alipotuma ujumbe mfumo ulimjibu: "Jaza mtaa." Akiandika "hakuna", ulimjibu: "Mtaa wa Hakuna hautambuliki." Kwa hiyo umeme ukikatika, Nesi Mwamvua alipakia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, akakifunga kwenye baiskeli, akavuka mto na kukanyaga pedali kilomita kumi na tisa hadi kwenye friji ya misheni. Nalijua hilo vizuri kwa sababu alikuwa akinipigia simu.

"Wizara ya Wepesi," nilijibu siku moja ya mwezi wa pili.

"Shikamoo baba. Ni Mwamvua tena, wa Ukomo."

"Marahaba. Imepokelewa."

"Hata sijasema, baba!"

"Haya, sema mama."

"Masika imebaki wiki sita. Mto ukijaa baiskeli haipiti, na gari la wilaya ndilo lina njia ya kuzungukia juu. Kijiji cha ng'ambo surua imeshaingia, watoto watatu wamelazwa, mmoja hali yake si nzuri. Mimi hapa nina watoto mia tatu na kumi na wawili hawajachanjwa. Chanjo zao zinakuja mwezi ujao. Umeme ukikatika mto umejaa, zitaniharibikia mikononi. Nakuomba, waambie wakitoe hicho kitu cha mtaa."

"Imepokelewa," nilisema, nikaandika kwenye daftari la simu. Ilikuwa mara yake ya kumi na nne. Sikuwa na ubaya wowote moyoni. Nilikuwa na mwandiko mzuri.

Nilimdokezea Asumpta kwenye ngazi. "Kuitoa hiyo lazima ya mtaa?" alisema. "Dakika arobaini, pamoja na kuijaribu."

Lakini haikuwa rahisi hivyo. Kila kazi wizarani ilikuwa na kadi ya njano kwenye ubao mkubwa, na ubao ulikuwa na safu tisa, na kadi haihami safu bila muhuri wa kamati. Safu ya kwanza iliandikwa "Inasubiri". Ya pili, "Inasubiri Idhini ya Kusubiri". Kadi ya Ukomo ilikuwa safu ya kwanza tangu mwaka uliopita. Iliwahi kuhama mara moja tu, ilipopeperushwa na feni, na baada ya uchunguzi ikarudishwa.

Hali hiyo ilimfikia Mheshimiwa, naye hakukawia. Aliagiza mtaalamu kutoka nchi ya mbali wanakotengeneza magari, watu waliobobea katika kile kinachoitwa kazi kondefu, yaani kazi iliyoondolewa kila kitu kisichomsaidia anayeisubiri. Akaja bwana mmoja mpole, mwenye kitabu kidogo na jozi moja ya viatu. Aliomba vitu viwili: chaki, na kazi yoyote aifuatilie toka mwanzo hadi mwisho. Akachagua kadi ya Ukomo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na vumbi zaidi.

Kwa siku tatu alichora ukutani safari ya kadi ile: inapotoka, inapolala, inaposubiri muhuri, inaposubiri mwenye muhuri arudi kutoka msibani. Mchoro ulipita jikoni, ukapita masjala, ukashuka ngazi, ukaishia kwenye maegesho ya magari. Mwisho wake aliandika mistari miwili. Muda wote: siku mia mbili na kumi na moja. Kazi yenyewe: dakika arobaini.

Waziri alibebewa kiti hadi pale, akakaa akausoma ukuta. Machozi yalimlengalenga.

"Siku mia mbili na kumi na moja," alisema. "Na Wizara ya Ardhi wana ngapi?"

"Kusajili mtaa mmoja kwao ni siku mia moja na tisini, Mheshimiwa," alisema Katibu Mkuu.

"Tumewapiga bao!"

Makofi yalidumu dakika tano. Mtaalamu, kupitia mkalimani, alijaribu kueleza kwamba zile siku ni upotevu, kwamba nesi ananufaika na dakika arobaini tu na zilizobaki ni za kumwumiza. Alikuwa ameshachelewa. "SIKU 211" ilikuwa imeshapelekwa kwa mchapaji wa fulana. Hata hivyo Waziri alilisikia lile neno upotevu, akakunja uso.

"Upotevu? Katika wizara yangu? Uondolewe leo hii!"

Kitabu cha mtaalamu kilitaja aina saba za upotevu, kwa hiyo zikaundwa kurugenzi saba za kuuondoa, kila moja na mkurugenzi, naibu na dereva. Kurugenzi ya Kuondoa Kusubiri ilitoa miadi ya miezi minne mbele. Kurugenzi ya Kuondoa Mizunguko ya Karatasi iliagiza kila karatasi izungushwe ghorofa zote saba ili ithibitishwe kwamba haizunguki. Hizo nyingine sikuwahi kujua zinafanya nini, lakini chai yao ilikuwa nzuri.

Wakaguzi wa upotevu walizunguka jengo zima wakiwa na vizibao vya kijani. Kwenye chumba cha chini waliwakuta watu wawili wamekaa kimya saa nzima wakitazama kioo cha kompyuta, hawana kikao, hawana mhtasari, hawajagonga muhuri hata mmoja. Walikuwa Hamduni na Lwitiko. Waliondolewa siku hiyohiyo na kupelekwa kurugenzi ya tano kupanga faili kwa rangi. Asumpta alinusurika kwa kuwa wakati huo alikuwa kikaoni, amesimama.

Mtaalamu alitoa ushauri wa mwisho akiwa tayari amebeba begi. Wa kwanza: msianze kazi kumi kwa pamoja, shikeni moja, mmalize, ndipo mshike nyingine. Wa pili: tundikeni kamba. Kwao, alisema, mtu wa chini kabisa akiona kosa anavuta kamba, kengele inalia, kazi inasimama palepale, na mkubwa wake anakwenda kwa miguu yake mwenyewe na kuuliza, "Tatizo ni nini, na nikusaidie vipi?" Baada ya kusema hayo aliomba apelekwe uwanja wa ndege, hata kwa mkokoteni.

Waziri aliipenda kamba kuliko yote, kwa maana kamba huzinduliwa, na uzinduzi una utepe. "Na tutatii ushauri wote," alisema kikaoni. "Wizara nzima itafanya kazi moja tu mpaka iishe. Kazi hiyo ni uzinduzi wa Kamba. Asumpta, utaifunga wewe. Iwe na kengele yenye sauti."

"Isimamishe nini, Mheshimiwa?" aliuliza Asumpta.

"Kazi! Kitabu hukukisoma?"

"Kazi yoyote itakayokuwa inaendelea wakati huo?"

"Yoyote ile, bila kuangalia sura ya mtu!"

"Naomba iingie kwenye mhtasari."

Nikaiingiza. Asumpta alitazama kiganja chake, akaandika kitu kidogo sana karibu na kidole gumba.

Kwa wiki tatu hakukuwa na lingine ila mazoezi. Kengele iliwekwa mezani kwangu. Ikilia, Waziri anainuka kwenye kiti chekundu, anatembea hatua kumi na nne hadi mezani, anatamka yale maneno. Alianza kwa kusitasita, lakini alipoona kamera alikolea. Mwishoni alikuwa akiinuka hata kengele ya shule ya jirani ikilia. Mke wake alilalamika, tuliambiwa, kwamba muuza aiskrimu alipopita na kengele yake, Mheshimiwa alimfuata hadi getini akamuuliza tatizo lake ni nini.

Uzinduzi ulipangiwa Ukomo, kwa sababu kitabu kilisema mkubwa aende akaone kwa macho yake pale kazi inapouma, na Ukomo ndiyo iliyokuwa ukutani. Msafara wa matayarisho ulipofika na kukuta hakuna mtaa, Katibu Mkuu alishika kichwa. "Aibu gani hii! Waziri atafikia wapi?" Zikamwagwa mita sitini za lami katikati ya mihogo. Ikasimikwa nguzo: Mtaa wa Shekivuli. Zahanati ikawa nyumba namba moja, na zizi la mbuzi wa jirani likawa namba mbili.

Simu ililia.

"Shikamoo baba. Mmeniletea barabara."

"Marahaba mama. Imepokelewa."

"Asanteni. Nimejaribu mfumo, nimejaza Mtaa wa Shekivuli, namba moja. Unasema hautambuliki."

"Lazima usajiliwe Wizara ya Ardhi," nilimweleza. "Siku mia moja na tisini tu."

Nilisikia mvua ikipiga bati upande wake. "Chanjo zimefika jana," alisema. "Siku ya chanjo ni Jumatatu. Mto umeshafika magotini."

Niliandika hayo pia. Ila nakiri kwamba usiku ule mwandiko wangu haukunipa usingizi.

Uzinduzi ulikuwa Ijumaa. Uwanja mbele ya zahanati ulijaa akina mama wa kwaya, wazee, wakurugenzi saba na viti vyao. Kamba nyekundu yenye vishada vya dhahabu ilining'inia kutoka ukingo wa bati la zahanati hadi jukwaani. Kosa la kuigiza lilikuwa tayari, chupa ya maji isiyo na kifuniko, ambayo Waziri angeigundua mwisho wa hotuba, akavuta kamba, tukapiga makofi, tukala. Waziri alikata utepe kwa mkasi wa fedha, akapanda jukwaani na kurasa hamsini.

"Ndugu wananchi," alianza, na spika zikarudisha sauti yake kutoka kilimani, "wakati wa kupoteza wakati umepitwa na wakati!"

Alikuwa ukurasa wa tatu nilipomwona Nesi Mwamvua kwa mara ya kwanza maishani. Nilidhani ni mtu mzima mwenye umbo kubwa. Kumbe ni mwanamke mwembamba, kofia yake nyeupe imekaa upande, anatoka mlangoni mwa zahanati mbio. Tangu alfajiri alikuwa nje akipanga kina mama wa kwaya kama alivyoamriwa. Sasa alikuwa ameingia ndani na kukuta friji imechomolewa. Zahanati ina soketi moja tu, na watu wa itifaki walikuwa wameichukua tangu saa kumi na mbili kwa ajili ya spika za Waziri.

Alimwendea ofisa wa itifaki aliyekuwa akilinda waya. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Kaka, hiyo ni friji ya chanjo! Imeshafika nyuzi saba, ikipita nane chanjo zinaharibika!"

"Subiri kidogo mama, Mheshimiwa yuko ukurasa wa nne."

"Kati ya ngapi?"

"Hamsini."

Mwamvua alitoa simu, akaandika ujumbe kwenye mfumo. Nilijua jibu kabla halijaingia. Jaza mtaa. Aliinua macho, akaiona kamba. Akaniona na mimi, na daftari langu kwapani, na nadhani alinitambua, sijui kwa nini. Kisha akakimbia, akaruka kamba ya ulinzi, akashika vishada vya dhahabu kwa mikono miwili, akavuta.

Kengele ililia hadi mbuzi wa nyumba namba mbili wakaitikia. Na palepale spika zote zikafa. Asumpta alikuwa amefunga kamba ile kwenye swichi ya spika, kama alivyoagizwa. Kazi pekee iliyokuwa ikiendelea wizarani siku ile ilikuwa hotuba, na hotuba ikasimama.

Waziri alibaki mdomo wazi kwenye neno "maendeleo". Askari wawili walimshika Mwamvua. Lakini kamera zote zilikuwa zimemgeukia Waziri, na miguu yake, baada ya wiki tatu za mazoezi, ilikuwa imeshaanza kushuka ngazi bila kumshauri. Alifika mbele ya nesi.

"Tatizo ni nini," alisema, "na nikusaidie vipi?"

"Friji wameichomoa ili wewe usikike," alisema Mwamvua akihema. "Chanjo za watoto mia tatu na kumi na wawili zinaharibika. Watoto wako vitongojini, siwezi kuwakusanya leo. Friji yenyewe kuukuu, ikishapata joto inataka siku nzima kurudi kwenye baridi. Naomba gari la baridi la wilaya."

Waziri alichukua simu, akapiga wilayani mwenyewe. Tulisikia sauti ya dereva, na ilikuwa ya heshima sana. Alisema gari halitoki bila ujumbe wa mfumo. Alisema ni waraka wa Waziri. Akausoma waraka wote, hadi saini.

Ndipo Asumpta alipokaa chini kwenye lami ya Mtaa wa Shekivuli, akafungua kompyuta yake magotini. "Dakika arobaini," alisema. "Jua linaniingia kwenye kioo."

Hakukuwa na mwingine aliyekuwa na mwavuli. Kwa hiyo Waziri alimshikia. Mwamvua naye aliwauliza watu wa msafara barafu iko wapi, na barafu ilikuwepo, ndani ya sanduku la soda za Mheshimiwa. Soda zilimwagwa majanini. Mwamvua alizungushia chanjo kanga ya mama mmoja wa kwaya ili zisigusane na barafu, akazipanga taratibu, akakalia kifuniko. Waziri alikunywa soda ya moto kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, na hakufa.

Asumpta alitumia dakika thelathini na nane. Mwamvua alituma ujumbe, hakujaza mtaa, simu ikajibu: "Gari limetoka." Nitasema ukweli hata kama karani hatakiwi kuwa nao: nililia. Nililia kwa furaha, na kwa aibu ya mara kumi na tano.

Wiki ya kwanza Waziri alikuwa shujaa. Magazeti yote yalikuwa na picha ya mwavuli. Wiki ya pili kurugenzi saba zilipeleka ripoti ya pamoja, na kikao cha kusimama kikaitishwa, viti arobaini na nane sasa, kuijadili. Mezani kwangu viliwekwa vielelezo. Kielelezo cha kwanza kilikuwa kamba yenyewe, iliyokatwa kwa mkasi uleule wa kukatia utepe, kengele ingali imefungwa mwishoni.

Asubuhi ile, kabla ya kikao, simu ilikuwa imelia. "Shikamoo baba. Wamechanjwa wote, mia tatu na kumi na wawili. Na jana umeme umekatika tena, mto umejaa, nikatuma ujumbe, gari likaja. Nilitaka tu ujue." Lile neno langu moja halikutosha.

Katibu Mkuu alisoma ripoti. "Kazi hii ilipangiwa siku mia mbili na kumi na moja. Mtuhumiwa ameimaliza kwa dakika thelathini na nane. Kurugenzi zinauliza: siku mia mbili na kumi, saa ishirini na tatu na dakika ishirini na mbili zilizobaki zimekwenda wapi? Hazipo kwenye ubao. Hazipo masjala. Huu ndio upotevu mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea katika wizara hii."

Wakurugenzi walitikisa vichwa kwa majonzi. Asumpta alikuwa amesimama katikati, kompyuta kwapani.

"Una la kusema?" aliuliza Waziri.

"Zahanati nyingine arobaini na moja hazina mtaa, Mheshimiwa. Zote zinatumia njia hii sasa."

"Bila muhuri!" alisema mkurugenzi mmoja.

Mapendekezo yalikuwa mawili. Asumpta aachishwe kazi leo. Na mfumo urudishwe leo hiihii katika hali yake halali, mahali pa mtaa pawe pa lazima tena, na kadi ya Ukomo irudi safu ya kwanza ianze safari yake kwa heshima. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu. Nilifikiria mto. Nilifikiria ile zahanati, na nesi anayesoma "Jaza mtaa" huku amekalia sanduku lisilo na barafu.

"Wanaokubali?" aliuliza Katibu Mkuu. Mikono arobaini na saba ikapanda. Wa Waziri ulikuwa njiani.

Miaka kumi na tisa mkono wangu haukuwahi kufanya lolote ila kuandika. Siku ile uliacha kalamu, ukashika Kielelezo cha Kwanza, ukavuta.

Kengele ikalia.

Waziri aliinuka. Nilimwona anajaribu kujizuia, nilimwona anashika mkono wa kiti, lakini mazoezi ya wiki tatu si mchezo. Hatua moja, mbili, nne, kumi na nne. Alisimama mbele ya meza yangu, na maneno yakamtoka yenyewe mbele ya watu wote, na mbele ya mhtasari.

"Tatizo ni nini, na nikusaidie vipi?"

Nyuma yake kiti chekundu kilikuwa kitupu. Asumpta alikitazama. Kisha akatembea hadi pale, akakaa, akaegemeza mgongo kwenye nembo ya taifa, akafungua kompyuta.

Nilifungua daftari la simu ukurasa wa kwanza kabisa, wa miaka kumi na tisa iliyopita, nikarekebisha miwani, nikaanza kusoma yote yaliyopokelewa.

"Soma polepole kidogo, baba," alisema Asumpta kutoka kwenye kiti. "Naandika."